Mbebee Rafiki Yako Fimbo

Huenda rafiki yako mcheza gofu ametamani kwa miaka mingi kumaliza mashimo 18 kwa mapigo yasiyofika 100. Utamsaidiaje? Usicheze naye siku hiyo. Katika gofu ya kuhesabu mapigo, mchezaji ampaye mwenzake ushauri hutozwa mapigo mawili. Mbeba fimbo ndiye aliyeruhusiwa kumshauri. Basi jitwike mfuko wake. Mpira ukiingia kichakani, mshauri aurudishe uwanjani kwa pigo fupi. Usimtajie jumla njiani. Mimi nilimtajia wangu tukiwa shimo la 17, mikono ikaanza kumtetemeka. Na mpira ukibaki shubiri moja, asiuokote. Aupige hadi utumbukie, maana 99 ya kusamehewa ataionea haya nyumbani.