Pesa Ndogo Ni Haki ya Mtu Mdogo

Ndugu wachimbaji wa Rubaya na Bisie, nanyi wenyeji wa Masisi na Walikale, leo tunasema habari ya pesa ndogo. Wakubwa huidharau, maana wao hawanunui chumvi kwa kijiko. Sisi tunanunua.

Mwaka 1887 serikali ya Leopold ilileta senti za shaba zenye tundu katikati: 1, 2, 5 na 10. Mwaka 1967 zikaja sengi na makuta. Hata leo pesa tunaiita makuta, lakini sarafu zenyewe zimetoweka. Mwaka 1998 faranga ilirudi, pamoja na noti za senti. Dola moja ilikuwa faranga moja na kitu. Kufikia mwaka 2023 ilikuwa imeshapita 2,000. Senti zikafa, wala hakuna sarafu iliyoshika nafasi yake.

Nani amepata hasara? Si tajiri. Mchimbaji hupewa dola, na ikiwa na mpasuko kidogo, dukani inakataliwa. Akinunua sabuni, chenji hakuna: achukue peremende, au aache. Hesabu mwenyewe mwisho wa mwezi. Tangu vita vilipofika Goma Januari 2025 na mabenki kufungwa, taabu imezidi, na noti zilizochakaa ndizo zinazozunguka mikononi.

Wengine watajibu: sarafu ni ghali kuifanya, na faranga huanguka. Kwa sarafu ya faranga 1, ni kweli. Lakini sisi tunataka za 100, 200 na 500, zinazonunua kitu sokoni. Noti huoza kwa jasho na mvua; shaba haiozi. Masultani wa Kilwa walipiga sarafu za shaba kabla Wareno hawajauteka mji ule mwaka 1505, na hadi zama zetu zimechimbuliwa ardhini, maandishi yakisomeka. Katanga ilipojitenga, mwaka 1961, ilipiga zake kwa shaba iliyochanganywa na bati.

Basi, ndugu, shaba iko Katanga, bati iko Bisie. Mikono yetu inavitoa, meli zinavipeleka ng'ambo, na mama anayeuza mihogo hana sarafu hata moja ya kurudisha.

Tunadai mambo mawili kwa Benki Kuu ya Kongo: faranga isimame imara, na sarafu ndogo zirudi. Moja bila ya pili haitoshi. Anayechimba kwa kilo asipunjwe kwa senti.