Umeombwa kujaribu apu ya rafiki? Usigawe nambari za watu bure

UJUMBE unaingia kwenye kundi la WhatsApp la wale mliosoma pamoja: "Wasee, nimetengeneza apu ya kusawazisha nambari na kalenda. Nahitaji watu 12 wa kunisaidia kuijaribu. Ni wiki mbili tu. Linki ndiyo hii."

Jamaa unamjua, si mtu wa mchezo, na bando unayo. Unabofya. Apu inafunguka na kukuuliza kama unairuhusu isome nambari zilizo kwenye simu yako. Unakubali. Inauliza kuhusu kalenda. Unakubali tena. Sekunde tatu zimeisha na umerudi TikTok.

Hebu turudi kwenye hizo sekunde tatu, maana kuna watu mia kadhaa umewahusisha ndani yake na hakuna hata mmoja aliyeulizwa.

Kwanza, jamaa yako hakuitoa ile 12 hewani. Tangu Novemba 2023, Google imekuwa ikimtaka mtu binafsi anayefungua akaunti mpya ya kuchapisha apu kwenye Play Store afanye majaribio ya faragha kwanza. Mwanzoni alihitaji watu 20. Desemba 2024 idadi hiyo ilishushwa hadi 12, na lazima wabaki kwenye majaribio siku 14 mfululizo. Ada ya akaunti ni dola 25, na kwa kijana anayejitegemea mtaani, kuilipa huwa rahisi kuliko kuwapata hao 12.

Nia ya sharti hilo ni njema: apu ipitie mikono ya watu kabla ya umma kuipakua. Lakini ukiangalia linavyofanya kazi mitaani, utaona majaribio yamegeuka kuwa harambee. Watu wanabadilishana, nijaribie yangu nikujaribie yako. Wengine wanalipwa. Apu inakaa kwenye simu siku 14 bila kufunguliwa, na mwenyewe anajaza fomu kwamba ilijaribiwa. Kwa apu ya tochi au ya kupiga hesabu, hasara ni ndogo. Kwa inayogusa nambari na kalenda, mambo ni tofauti kabisa.

Kusawazisha kunasikika kama kitu rahisi: ukibadilisha nambari ya mtu kwenye simu, ibadilike pia kwenye kompyuta na kwenye tabuleti. Taratibu za kufanya hivyo zipo kitambo. Ule wa kalenda, CalDAV, ulichapishwa 2007, na ule wa nambari, CardDAV, ukafuata 2011. Kazi ngumu iko kwenye migongano. Tuseme umebadilisha nambari ya mama kwenye simu ukiwa ushago bila intaneti, na kumbe jana yake ulikuwa umeibadilisha kwenye kompyuta pia. Apu ikipata mtandao iamini ipi?

Kuna hatari nyingine kubwa zaidi, kufuta. Umenunua simu mpya, haina jina hata moja. Apu iliyoandikwa vibaya inaweza kuiona ile orodha tupu na kudhani umefuta kila mtu, kisha ikatii na kufuta kote. Ndiyo maana usawazishaji si sawa na kuweka akiba. Akiba hukaa kando ikikungoja. Usawazishaji husambaza kila badiliko, likiwemo kosa.

Halafu kuna kasoro ambazo zitagunduliwa na mtu wa huku kabla ya mwingine yeyote. Nambari ileile umeihifadhi mara moja ikianza na 07 na mara ya pili ikianza na +2547. Je, apu inajua huyo ni mtu mmoja? Nambari zinazoanza na 01 je, inazikubali au inaziona kama makosa? Siku ya kuzaliwa ya dadako imerudi nyuma siku moja? Hapo huenda apu imehifadhi saa sita usiku ya Nairobi kwa saa za kimataifa, ambako bado ni saa tatu usiku wa siku iliyotangulia. Na ukiiandikia "tukutane saa tisa", inakuwekea saa tisa ya Kiswahili au inakuamsha asubuhi kwa mkutano wa alasiri? Mtu anayemwandikia mtengenezaji mambo kama haya amemsaidia kuliko watu 50 waliopakua na kunyamaza.

Kwa hivyo, jaribu apu ya jamaa yako. Swali langu ni moja tu: unaijaribu kwa kutumia nini?

Fungua orodha yako ya nambari sasa hivi uipitie. Kuna "Fundi Gesi". Kuna "Mama Mboga Geti". Kuna "Usishike", na wewe unajua ni nani na kwa nini. Kuna daktari uliyemhifadhi pamoja na jina la kliniki. Kuna binamu aliyebadilisha nambari kwa sababu alikuwa akimkimbia mtu, akakupa mpya kwa siri. Sasa ingia kwenye kalenda: mahojiano ya kazi ambayo bosi wa sasa hafai kuyajua, tarehe ya kesi, siku ya kuchukua dawa. Orodha hiyo iko kwenye simu yako, lakini maisha yaliyomo ni ya wengine. Walikupa wewe. Hawakumpa jamaa wa kundi la WhatsApp, wala seva anayokodisha kwa mwezi.

Kama unadhani natia chumvi, kumbuka apu za mikopo. Wakenya wengi wanajua mtu aliyechelewesha deni dogo, kisha mdai akaanza kupigia shangazi, mwajiri, na hata mwalimu wa zamani. Nambari hizo zilitoka kwenye kibali kilekile ulichobofya leo kwa sekunde tatu. Septemba 2023, Afisi ya Kamishna wa Kulinda Data iliitoza Mulla Pride, mwenye apu za KeCredit na Faircash, faini ya Sh2,975,000 kwa kutumia majina na nambari za watu zilizopatikana kupitia wengine, na kuwatumia jumbe na simu za vitisho. Miezi michache kabla ya hapo, kuanzia Mei 31 mwaka huohuo, Google ilikuwa imezipiga marufuku apu za mikopo ya kibinafsi kusoma nambari na picha za mtumiaji.

Wala hili halihitaji mtu mwenye nia mbaya. Mnamo 2012 iligunduliwa kuwa apu ya kijamii ya Marekani, Path, ilikuwa ikipakia kitabu kizima cha nambari za mtumiaji kwenye seva zake bila kumwambia. Lengo lilikuwa kumtafutia marafiki, basi. Mwenye kampuni aliomba msamaha na kufuta data hiyo. Mwaka uliofuata kampuni ilikubali masharti ya serikali ya kukaguliwa kuhusu faragha kila baada ya miaka miwili, kwa muda wa miaka 20.

Sasa nikugeukie wewe unayetengeneza. Huenda unajiambia sheria ni ya makampuni makubwa. Ni kweli kwamba chini ya kanuni za 2021, mwenye mapato yasiyofika Sh5 milioni kwa mwaka na wafanyakazi wasiofika 10, kwa kawaida, halazimiki kujisajili kwa Kamishna, isipokuwa kazi yake iwe kwenye orodha ya zile nyeti. Lakini kutosajiliwa hakukuondoi kwenye Sheria ya Kulinda Data ya 2019. Bado unatakiwa kumwambia mtu unachukua nini na kwa nini, uchukue kile tu unachohitaji, na ufute anapokuomba. Data ikivuja kwa namna inayoweza kuwadhuru watu, una saa 72 za kumjulisha Kamishna. Toleo la beta halina msamaha wake maalum.

Na kiufundi, huhitaji nambari halisi za watu ili kujua kama apu yako inafanya kazi. Tengeneza orodha ya majina 300 ya kubuni, yenye marudio, yenye 07 na 01, yenye herufi na emoji za ajabu, na uwape wanaokujaribia. Hakikisha kumbukumbu za hitilafu zinazotumwa kwako hazibebi majina wala nambari. Ukiweza, acha usawazishaji ufanyike kati ya simu ya mtu na akaunti yake mwenyewe, bila data kupitia kwako hata kidogo. Usichokuwa nacho hakiwezi kuibwa kwako.

Nawe unayejaribu, fanya hivi. Fungua akaunti mpya ya Google kwa ajili ya majaribio na uijaze majina ya uongo. Tumia ile simu ya zamani iliyo kwenye droo, na uingie kwenye akaunti hiyo pekee. Kama huna, hifadhi nakala ya nambari zako kwanza, na umuulize jamaa maswali matatu hapohapo kwenye kundi: data inaenda wapi, nani anaweza kuiona, na inafutwa lini. Akikujibu vizuri, mpe siku 14 za kweli. Akikwambia "aah, usijali bana", usibofye. Kama umeshabofya, kuondoa apu pekee hakufuti kilichoshapakiwa. Mwandikie umwombe afute, na uhifadhi ujumbe huo. Majina yakikutoweka, kimbilia mipangilio ya Google Contacts haraka: unaweza kurejesha orodha ilivyokuwa hadi siku 30 nyuma.

Tunataka apu za kwetu. Tunataka kalenda inayojua saa tisa ni saa ngapi. Vijana wanaozitengeneza wanastahili watu wa kuwajaribia kwa dhati, wala si umati wa kujaza idadi. Lakini binamu yako aliyebadilisha nambari hakujitolea kuwa sehemu ya majaribio. Yeye alikuamini wewe tu.