UCHAMBUZI: Jina 'hasla' lilivyoporwa kutoka kwa walalahoi

Wahenga walinena kuwa aliyeshiba hamjui mwenye njaa. Katika siasa za Kenya, hata hivyo, aliyeshiba amejifunza hila ya kujiita mwenye njaa.

Lugha ya mitaani haijawahi kuwa na uhaba wa maneno ya kutenga walionacho na wasionacho. Baada ya uhuru wa mwaka 1963, wakubwa waliojistarehesha ndani ya magari ya Mercedes-Benz walibandikwa jina 'wabenzi'. Waliorudi nyumbani usiku wakiwa hoi kwa kazi na njaa wakaitwa 'walalahoi'. Nao vijana wa Eastlands jijini Nairobi, waliokuza Sheng, wakamwita tajiri 'sonko' na mtoto wa mitaa ya kifahari 'babi'.

Majina hayo yalikuwa silaha ya mnyonge. Hakuwa na gari wala shamba, lakini aliweza kumpa mkubwa jina, na jina hilo likamganda.

Mwaka wa 2017, utajiri ulikuwa bado sifa ya kujivunia jukwaani. Mike Mbuvi alichaguliwa gavana wa Nairobi akijulikana kwa jina la 'Sonko', dhahabu zikimning'inia shingoni, kabla ya Seneti kumwondoa afisini Desemba 2020.

Miaka mitano baadaye, upepo ulikuwa umegeuka. William Ruto, aliyeingia Bunge kwa mara ya kwanza 1997 na kuwa Naibu Rais tangu 2013, aliwania urais kama 'hasla' aliyewahi kuuza kuku kando ya barabara. Nembo ya chama chake ilikuwa wilbaro. Mpinzani wake, marehemu Raila Odinga, mwana wa makamu wa kwanza wa rais, aliungwa mkono na Uhuru Kenyatta, mwana wa rais wa kwanza. Hao wakaitwa watu wa nasaba.

Hakuna ubaya mtu kusimulia alikotoka. Ubaya ni kwamba jina lilitandazwa hadi likawafunika hata mabwanyenye waliotua mikutanoni kwa helikopta ili kuwahutubia wasukuma mikokoteni. Ikiwa mwenye helikopta na msukuma mkokoteni wote ni mahasla, nani atamdai nani?

Isitoshe, neno lenyewe lina mtego. Mfanyakazi ana mwajiri, ujira na chama cha kumtetea. Hasla ana jasho lake tu. Anayeitwa mfanyakazi hudai haki, ilhali anayeitwa hasla husifiwa kwa kujituma, kisha huachwa ajitume zaidi.

Itakumbukwa kwamba Hazina ya Hasla ilizinduliwa Novemba 30, 2022, ikitoa mikopo midogo kuanzia Sh500. Mwaka uliofuata, Sheria ya Fedha ya 2023 ilipandisha ushuru wa VAT kwa mafuta kutoka asilimia 8 hadi 16. Mwendeshaji bodaboda aliyekopeshwa kwa mkono mmoja akatozwa kwa mkono wa pili kila alipofika kituo cha mafuta.

Vijana walipojitosa barabarani 2024 kupinga Mswada wa Fedha, na wengine wao kuuawa kwa risasi siku ya Juni 25 walipoingia majengo ya Bunge, hawakumwita rais hasla. Walimwita 'Zakayo', mtoza ushuru wa Biblia. Siku iliyofuata, rais alitangaza kwamba hatautia saini mswada huo. Uwezo wa kutoa majina ulikuwa umerejea kwa wenyewe.

Hili ndilo funzo la kubeba kuelekea Uchaguzi Mkuu wa Agosti 2027. Mgombea atakayekula mahindi choma na mama mboga mbele ya kamera asiulizwe alilala njaa mara ngapi utotoni. Aulizwe alivyopiga kura Bungeni ushuru ulipopandishwa, na mama mboga huyo akiugua usiku wa leo, atatibiwa wapi na kwa pesa za nani.

Nguo ya kuazima, tuliambiwa zamani, haisitiri matako. Hata ikiwa matambara.