ASKARI WETU WARUDI LINI, NA NANI WA KULIULIZA SWALI HILO?

Wenye madaraka hupenda kutwambia ya kwamba mambo ya jeshi hayazungumzwi barazani. Ukiuliza askari wetu wamekwenda nchi ya watu kufanya kazi gani, utaambiwa hiyo ni siri ya dola. Ukiuliza watarudi lini, utaambiwa wewe huwapendi askari. Sisi twaona kinyume chake. Ampendaye askari ndiye khasa anayeuliza, kwa sababu askari mwenyewe amefungwa na kiapo, na hana ruhusa ya kuuliza.

Tarehe 7 Disemba 2017, kambi ya walinzi wa amani wa Umoja wa Mataifa iliyokuwapo Semuliki, upande wa Beni, mashariki ya Kongo, ilivamiwa na waasi wa ADF. Askari wa Tanzania wasiopungua 14 waliuawa, na miongoni mwao walikuwamo wana wa visiwa hivi. Viongozi walitoa pole, majeneza yakapewa heshima za kijeshi, na wazee wakazika. Askari hao walikuwa katika kikosi kilichoundwa na Baraza la Usalama mwezi wa Machi 2013, pamoja na wenzao wa Afrika Kusini na Malawi, ili kuyapiga makundi ya waasi, na khasa M23. Kundi la M23 lilishindwa mwezi wa Novemba mwaka ule ule. Kazi iliyobaki baada ya hapo ilikuwa ipi, na mpaka wake ulikuwa wapi? Huenda jawabu ikawapo, tena ikawa njema, kwani raia wa Beni walikuwa wakichinjwa na damu yao si maji. Lakini jawabu njema haiogopi kusemwa mbele ya watu.

Tazameni sheria yetu ilivyo. Ibara ya 44 ya Katiba ya Jamhuri ya Muungano yampa Rais uwezo wa kutangaza hali ya vita, na yamtaka Spika aitishe Bunge katika muda wa siku 14 ili kulifikiria tangazo hilo. Ni sheria njema kwa kadiri yake. Walakini askari waliokwenda Kongo hawakwenda kwa tangazo la vita. Walikwenda kwa jina la kulinda amani, na amani haitangazwi. Basi mlango wa kuingilia uliowekwa na Katiba haukuwahusu, na mlango wa kutokea haukuchongwa kabisa. Nasi wa Visiwani tuna dhiki ya pili. Ulinzi ni jambo la Muungano, kwa hivyo Baraza letu la Wawakilishi halina kauli juu yake. Akiuawa kijana wa Pemba, kaburi huchimbwa Pemba, lakini swali lazima lisafiri mpaka Dodoma.

Wenzetu wa Afrika Kusini wameandika vyengine. Kifungu cha 201 cha Katiba yao chamlazimisha Rais alieleze Bunge mambo manne kila apelekapo jeshi: sababu, mahali, idadi ya watu, na muda wanaotarajiwa kukaa. Kwa hiyo mwanzoni mwa 2024 Rais Ramaphosa aliarifu ya kwamba askari 2,900 wangekuwa Kongo katika jeshi la jumuiya ya SADC mpaka tarehe 15 Disemba 2024, kwa gharama ya randi bilioni 2 na zaidi. Kila mwananchi wa kule aliijua tarehe.

Hatutaki kumdanganya msomaji kwamba tarehe peke yake ni dawa. Mwezi wa Novemba 2024 wakuu wa SADC waliongeza mwaka mzima. Mwishoni mwa Januari 2025 M23, waliokwisha kufufuka, waliuteka mji wa Goma, na askari wa Afrika Kusini, wa Malawi na wa Tanzania wakauawa. Ndipo tarehe 13 Machi 2025 wakuu wale wale wakaamua jeshi liondoke. Na liliondokaje? Kwa mapatano na M23 wenyewe, misafara ikipita Rwanda, nchi ambayo Umoja wa Mataifa umeeleza kuwa iliwasaidia waasi hao, mpaka ikafika Tanzania. Asiyechagua siku ya kutoka huchaguliwa na adui, hata njia ya kupita.

Wapo watakaotujibu kwa Afghanistan. Watasema: Marekani ilitaja siku ya kuondoka, Taliban wakangoja, na tarehe 15 Agosti 2021 wakaingia Kabul. Ni kweli. Lakini Marekani ilikuwa kule tangu 2001. Serikali ambayo haikuweza kusimama baada ya miaka 20 ya kushikiliwa ingelisimamishwa na mwaka wa 21? Twaonavyo sisi, kosa la kule halikuwa kutaja siku. Kosa lilikuwa kukaa miaka mingi bila ya mtu kulazimishwa kusema kazi itahesabiwa imekwisha ikifika wapi.

Nasi tunayo khabari yetu wenyewe. Oktoba 1978 majeshi ya Idi Amin yaliingia Kagera, na kumtoa ilikuwa haki isiyo shaka. Kampala ilitekwa tarehe 11 Aprili 1979, na kufika Juni nchi yote ilikuwa mikononi mwa majeshi yetu na wenzao wa Uganda. Walakini askari wetu walibaki mpaka 1981. Katika muda huo Uganda ilitawaliwa na Lule, kisha Binaisa, kisha tume ya kijeshi, kisha Obote, na msituni vita vipya vikaanza. Huku kwetu Mwalimu Nyerere alitutaka tufunge mikanda kwa miezi 18. Kila aliyesimama foleni ya sukari na sabuni anajua miezi ile ilirefuka kiasi gani. Je, ilipasa kutoka 1979, au kungoja uchaguzi wa Disemba 1980? Watu wenye akili wangeliweza kukhitalifiana. Lakini katika Bunge la chama kimoja, nani angeliuliza?

Leo vyama ni vingi, kwa hivyo udhuru huo haupo. Twawataka Wabunge wote wa Unguja na Pemba, wa chama chetu na wa vyama vyengine, wapeleke hoja Dodoma: Serikali ilieleze Bunge mambo manne yale yale kila askari wanapopelekwa nje, hata kwa jina la amani, muda ukimalizika usiongezwe ila kwa kura, na lililo siri kweli lielezwe kwa Kamati inayohusika na ulinzi, milango ikiwa imefungwa. Hoja ikikataliwa, basi na ikataliwe kwa kura za majina, tupate kuyapiga chapa katika karatasi hii.