Somo la Vyama Lisiogopwe Darasani

Jumanne ya pili ya Agosti mwaka 2027 itaangukia tarehe 10, na siku hiyo Wakenya watarudi debeni. Miezi michache baadaye, kundi la mwisho la mfumo wa 8-4-4 litafanya KCSE. Wengi wa watahiniwa hao watakuwa wametimiza miaka 18, kwa hivyo wana haki ya kupiga kura wakiwa bado wanafunzi. Hapa Kakamega, kaunti yenye maeneobunge 12 na wadi 60, vituo vingi vya kura ni madarasa ya shule za msingi, na walimu ni miongoni mwa wale ambao Tume Huru ya Uchaguzi na Mipaka huwaajiri kwa siku chache kuwa makarani na wasimamizi wa vituo. Shule hutoa jengo, madawati na mwalimu. Somo lenyewe ndilo halijatolewa kwa ukamilifu. Mwanafunzi wetu anaweza kutaja mihimili mitatu ya serikali, anajua umri wa kupiga kura, na huenda anakumbuka majukumu ya Bunge kwa sababu yanatahiniwa. Muulize mtu hujiunga vipi na chama cha siasa, hujiondoa vipi, nani humpa mgombea tiketi na kwa utaratibu upi: atanyamaza. Toleo hili linashikilia kwamba hilo ndilo pengo kubwa kuliko yote katika elimu ya uraia, na kwamba linapaswa kuzibwa na walimu, darasani, saa za masomo, bila kunong'ona.

Sababu ni kwamba sehemu kubwa ya uamuzi hufanywa kabla karatasi za kura hazijachapishwa. Mpiga kura Mkenya hukabidhiwa karatasi sita: za rais, gavana, seneta, mbunge, mwakilishi wa kike na mwakilishi wa wadi. Majina yaliyomo, ukiondoa ya wagombea huru, yamepitia mikononi mwa vyama, iwe katika kura za mchujo, mbele ya wajumbe, au kwa tiketi ya moja kwa moja iliyoamuliwa na watu wachache chumbani. Viti vingine havipigiwi kura kabisa. Hujazwa kutoka kwa orodha ambazo vyama huwasilisha kwa Tume chini ya Kifungu cha 90 cha Katiba. Raia anayeanza kujali uchaguzi siku ya kura hukuta mengi yamekwisha kuamuliwa. Katikati ya mwaka 2021, Wakenya walipopata nafasi ya kukagua uanachama wao kupitia eCitizen, watu wengi waligundua kwamba wameandikishwa katika vyama ambavyo hawakuwahi kujiunga navyo. Hasira zilikuwa halali. Lakini ni wangapi waliojua uzito wa jina lile lililoibwa? Sheria ya Vyama vya Kisiasa ya 2011 inakitaka chama, ili kisajiliwe kikamilifu, kiwe na wanachama wasiopungua 1,000 waliojisajili kupiga kura katika kila mojawapo ya zaidi ya nusu ya kaunti, yaani kaunti 24 au zaidi. Jina la mkulima wa Navakholo, likiandikwa bila ridhaa yake, linaweza kusaidia kukipa chama uhai wa kisheria. Kisha mwaka 2025 chama cha ANC, kilichokuwa na wafuasi wengi katika kaunti hii, kilivunjwa na kuingia UDA. Mwanachama wa kawaida wa Lurambi au Khwisero aliulizwa wapi, na sasa yeye ni mwanachama wa nani? Mwakilishi aliyechaguliwa kwa tiketi ya chama kilichovunjwa anabaki na hiari gani? Sheria ile ile inayahusu maswali haya, na lugha yake si ngumu kuliko kemia ya Kidato cha Tatu.

Pingamizi zito kuliko yote halitoki kwa wanasiasa. Linatoka kwa wazazi na walimu waliochoka. Wanasema vyama vya Kenya ni mali ya watu binafsi na vimejengwa juu ya kabila, kwamba leo viko na kesho havipo, na kwamba kuvifundisha ni kuvipa heshima visiyostahili. Uchovu huo una msingi na hatuubezi. Hata hivyo, hoja hiyo inachukulia kwamba ukabila wa vyama ni maumbile, na historia ya eneo hili inaonyesha kuwa ulitengenezwa kwa kanuni. Mwaka 1955 serikali ya kikoloni iliporuhusu tena siasa za Waafrika, iliruhusu miungano ya wilaya tu. Chama cha nchi nzima kilikatazwa. Machi 1957, Waafrika walipowachagua kwa mara ya kwanza wajumbe wao wa Baraza la Kutunga Sheria, Masinde Muliro alimshinda W. W. W. Awori katika Nyanza Kaskazini, wilaya ambayo makao yake makuu yalikuwa hapa Kakamega. Hawakupigiwa kura na watu walio sawa: kulingana na elimu, kipato au mali, na utumishi wake, mpiga kura mmoja aliweza kuwa na kura moja, na jirani yake tatu. Kwa hiyo kizazi cha kwanza cha viongozi wetu kilijifunza siasa ndani ya mipaka ya wilaya, na wilaya zilikuwa zimekatwa kwa kufuata makabila. KANU na KADU zilipozaliwa mwaka 1960, zilikusanya vipande vilivyokuwa tayari vimetenganishwa. Mwanafunzi anayejua hili haangalii tena chama cha kabila kama jambo la damu. Anauliza ni kanuni ipi iliyokizaa, na ni kanuni ipi inayokikataza leo.

Kanuni ya leo ipo, na ni kali. Kifungu cha 91 cha Katiba ya 2010 kinakitaka chama kiwe na sura ya kitaifa na uongozi uliochaguliwa kidemokrasia, na kinakikataza kisijengwe juu ya dini, lugha, rangi, kabila, jinsia au eneo. Mwalimu akikiweka kifungu hicho ubaoni kando ya wito unaosikika kila msimu, kwamba watu wa Mulembe, yaani Waluhya, waingie katika kapu moja ili wapate sauti, darasa litakuwa na mjadala wa kweli. Wapo watakaosema kujipanga kama jamii ni haki ya wachache wanaotaka kusikika. Wapo watakaosema wito huo unawanyima watu wa Matungu na wa Lugari haki ya kutofautiana kuhusu bei ya miwa au ya mahindi. Pande zote mbili zina la kusema, na mahali pa kulisema polepole, ukiwa na maandishi mbele yako, ni darasani. Jukwaa la kampeni halina subira hiyo.

Historia hiyo ina upande mwingine ambao vijana wetu hawaujui vya kutosha. Mwaka 1982 Kifungu 2A kiliingizwa katika Katiba ya zamani na kuifanya Kenya nchi ya chama kimoja kisheria. Mwaka 1988 mchujo wa KANU ulifanywa kwa mlolongo: watu walipanga foleni nyuma ya mgombea au wakala wake, machoni pa chifu na majirani, na aliyepata asilimia 70 au zaidi alitangazwa mshindi bila kura ya siri kufuata. Agosti 1991, miongoni mwa watu sita walioanzisha FORD, vuguvugu la kudai vyama vingi, alikuwemo Martin Shikuku wa Butere, na alikuwemo Masinde Muliro, yule yule wa 1957, ambaye leo chuo kikuu kilicho mjini Kakamega kimepewa jina lake. Desemba mwaka huo Kifungu 2A kikafutwa. Maelfu ya vijana hupita kila siku kwenye lango lenye jina la Muliro. Wanastahili kujua kwamba mtu huyo alihatarisha uhuru wake kwa ajili ya kitu ambacho sasa tunakiona cha aibu kukitaja mbele ya wanafunzi, yaani haki ya kuwa na chama kingine. Ukificha vyama, umeificha pia sababu ya watu wale kuteseka.

Pingamizi la pili ni la mwalimu mwenye upande wake. Mwalimu ni mpiga kura, ana chama moyoni, na kanuni za utumishi wa umma zinamkataza kufanya kampeni kazini. Wengi wameitafsiri kanuni hiyo kuwa amri ya kunyamaza, na wakuu wa shule hupumua mada inapokwisha. Sisi tunaisoma tofauti: inakataza kushawishi, haikatazi kufundisha. Ujerumani Magharibi, nchi iliyokuwa na kila sababu ya kuogopa siasa darasani baada ya Wanazi, ilijadili suala hili, na mwaka 1976 wataalamu waliokutana katika mji wa Beutelsbach wakafikia mwafaka ambao walimu wa huko wanaufuata hadi leo. Mwalimu asimlemee mwanafunzi kwa maoni yake. Jambo linalobishaniwa katika jamii na katika taaluma lifundishwe kama jambo linalobishaniwa. Mwanafunzi asaidiwe kuyapima maslahi yake mwenyewe na kujua anavyoweza kuyatetea. Hatuhitaji kuunda tume ili kuyakubali hayo. Mwalimu wa historia tayari hufundisha Mau Mau mbele ya watoto ambao babu zao walikuwa pande tofauti, na darasa halivunjiki.

Tena, wanaoogopa kuingiza siasa shuleni wangetazama basi la shule. Ubavuni mwake mara nyingi pameandikwa kwamba limenunuliwa kwa fedha za NG-CDF, mfuko wa maendeleo wa eneobunge, na siku ya kulikabidhi mbunge alikuja na msafara, akahutubia, akapigiwa makofi na watoto waliotolewa darasani kumsikiliza. Hiyo ni siasa ya chama, imefanyika uwanjani mwa shule, na hakuna aliyeeleza kwamba fedha zile zilitokana na kodi ya wazazi wa watoto hao na kwamba mbunge hakuzitoa mfukoni. Kimya cha mwalimu hakijaiacha shule bila siasa. Kimemwachia mwanasiasa nafasi ya kufundisha peke yake.

Kuhusu hoja ya umri, kwamba wanafunzi bado ni wadogo kwa siasa, hatutachukua muda mrefu. Vijana walioandamana Juni 2024 kupinga Mswada wa Fedha walikuwa wameutafsiri, wameufupisha na kuusambaza kwa simu kabla wazazi wao hawajausikia redioni. Walijifunza nje ya shule, kwa haraka, na wengine kwa gharama ya maisha yao. Ila kuzuia mswada na kuchagua wanaotunga miswada ni kazi mbili tofauti. Katika uchaguzi wa 2022, watu wenye umri wa miaka 18 hadi 34 walikuwa kama asilimia 40 tu ya wapiga kura milioni 22 waliosajiliwa, na idadi yao ilikuwa imeshuka kutoka ile ya 2017, katika nchi ambayo vijana ndio wengi.

Kwa mwalimu anayeuliza aanzie wapi, Kakamega imejaa vielelezo. Agosti 9, 2022 wakazi wa kaunti hii walipiga kura tano badala ya sita, kwa sababu karatasi za ugavana zilikuja zikiwa na picha na maelezo yasiyo ya wagombea wetu. Mombasa nako kulitokea vivyo hivyo. Uchaguzi ukasogezwa hadi Agosti 23, ukasogezwa tena hadi 29, na siku hiyo Fernandes Barasa wa ODM akamshinda Cleophas Malala wa ANC huku waliojitokeza wakiwa wachache kuliko siku ya kwanza. Ni nani ana mamlaka ya kuahirisha uchaguzi, na kwa sababu zipi? Kuchelewa kunamfaidi nani, kunamuumiza nani, hasa mfanyakazi aliyesafiri kutoka Nairobi na kurudi kazini? Uchaguzi mdogo wa Malava wa Novemba 27, 2025, ambapo David Ndakwa wa UDA alimpita Seth Panyako wa DAP-K kwa chini ya kura 2,000, unatosha kuonyesha kwamba vituo vichache vinaweza kuamua kiti. Fomu za matokeo za kila kituo ni hati za umma. Mwalimu wa hesabu anaweza kuzijumlisha na darasa lake na kuwaonyesha jinsi kosa la tarakimu moja linavyosafiri kutoka kituoni hadi ukumbi wa kujumlishia kura.

Tatizo la mtaala ni kubwa zaidi, na hapo tunazungumza na Wizara ya Elimu. Katika Mtaala wa Umilisi, kuanzia Gredi ya 10 iliyoanza Januari 2026, Historia na Uraia ni somo la kuchagua katika mkondo wa Sayansi za Jamii. Msichana wa Shinyalu anayechagua sayansi ili awe daktari atamaliza sekondari bila kulisoma, kisha 2032 atapiga kura kama kila mtu. Mafunzo ya Huduma kwa Jamii, ambayo ni ya lazima kwa wote, yana nafasi ya kubeba mada hii iwapo yatapewa maudhui yenye uzito. Mabaraza ya wanafunzi nayo yana msingi wa kisheria tangu Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 ilipompa mwakilishi wao nafasi katika bodi ya usimamizi ya shule. Kwa kawaida wagombea wa mabaraza haya husimama kila mmoja kivyake, kwa sura na umaarufu. Tungependa shule zijaribu njia nyingine: wanafunzi waunde makundi yenye katiba na ilani, waweke daftari la wanachama linaloweza kukaguliwa, wafanye mchujo, na atakayelalamika asikilizwe na jopo la wenzake. Anayetaka kujaribu muhula ujao anahitaji nakala ya Sheria ya Vyama vya Kisiasa, katiba za vyama viwili au vitatu zilizoko kwa Msajili wa Vyama vya Kisiasa, daftari moja, na vipindi vinne vya masomo.