Kabla ya kuitupa diski ya zamani, kagua utepe

Nitarudia jambo ambalo mafundi wengi, kuanzia Kisii mjini hadi Keroka na Nyamira, hawapendi kulisikia: kompyuta ya zamani yenye Windows XP ikianza kukokota, usiharakishe kumwambia mteja diski imekufa. Microsoft iliacha kuihudumia XP Aprili 2014, sawa, lakini mashine hizo bado zimo majumbani, na ndani yake mna picha za harusi na hesabu za chama.

Diski za IDE hupitisha data kwa njia mbili. Kwa DMA, data huingia kwenye kumbukumbu moja kwa moja, prosesa ikiendelea na kazi nyingine. Kwa PIO, prosesa yenyewe hubeba mzigo, kama mwenye duka anayewaacha wateja foleni akapakue lori. Kikomo cha Ultra ATA/100 ni megabaiti 100 kwa sekunde. PIO ya kawaida, hata ile ya kasi zaidi, ni 16.7 tu.

Sasa, XP ikishahesabu makosa sita ya upitishaji hushusha kasi ngazi moja, kisha nyingine, hadi PIO. Na haipandi tena yenyewe! Mwenye mashine anaona muziki unakatika na kipanya kinarukaruka, anauziwa diski mpya ambayo hakuihitaji.

Kwanza nakili faili zako, hata kama itachukua usiku kucha. Kisha fungua Device Manager, utazame Primary IDE Channel. Ukikuta PIO, iondoe chaneli hiyo na uwashe mashine upya. XP itaitambua tena na kujaribu DMA. Kagua pia ule utepe bapa unaounganisha diski. Wenye nyaya 40 haufai kupita megabaiti 33. Tafuta wa nyaya 80, hata kutoka kwenye mashine iliyokufa.

Ikishuka tena, soma takwimu za SMART. Namba 199 ikipanda, mshuku utepe. Zikipanda 5 na 197, hapo diski kweli inakufa, na fundi anayekimbilia kuifomati ili "aifufue" anakuzikia picha zako. Mnyang'anye mashine.