Shibe ya Uji Mwepesi

Mama wa Chemba aulizwapo kliniki kwa nini uzito wa mtoto haupandi, aghalabu hujibu kwamba mtoto anakula na anashiba. Mhudumu, akiutazama mstari wa kadi unaoteremka, humdhania mama hasemi kweli. Mara nyingi mama amesema kweli tupu. Kosa limo katika kulipa neno "kushiba" maana moja.

Njaa na shibe hutawaliwa na sehemu ndogo ya ubongo iitwayo haipothalamasi, kwa habari zitokazo tumboni, utumboni na katika mafuta ya mwili. Tumbo tupu hutoa grelini, homoni iliyotambuliwa mwaka 1999, nayo huamsha hamu ya kula. Leptini, iliyogunduliwa mwaka 1994, hutoka katika mafuta na kueleza akiba ya siku nyingi, si mlo wa leo. Chakula kiingiapo, kuta za tumbo hutanuka na mishipa ya fahamu huupasha ubongo habari. Utumbo nao hutoa homoni zake za kuzuia ulaji. Habari ya kutanuka huwahi kufika, wala haiulizi kama kilichomo ni unga au maji.

Uji wa mtama au uwele huleta mtihani hapo. Wanga ukipikwa hunywa maji na kuvimba, hivyo ili mtoto wa miezi minane aweze kumeza, mama huongeza maji. Tumbo la mtoto huyo hubeba takriban gramu 30 kwa kila kilo ya uzito wake. Wa kilo 7 hujaa kwa kikombe kimoja. Akikisukuma kijiko, si mkaidi: tumbo limejaa, mwili haujapata kitu. Katika miezi ya kungoja mavuno, ghala likipungua, sufuria nayo huzidi kuwa na maji. Kumwambia mama huyo "mlishe zaidi" ni kumpa agizo lisilotekelezeka.

Njia ipo, na ilichunguzwa nchini humu. Katika miaka ya 1980 watafiti wa Tanzania walionyesha kwamba kijiko cha unga wa kimea kikikorogwa katika uji mzito, wenye moto lakini usiochemka, huulainisha kwa dakika chache bila maji ya ziada, kwa kuwa vimeng'enya vya kimea huukata wanga. Kisha uji huchemshwa tena. Kimea si kigeni Chemba. Wanaotengeneza togwa na pombe ya mtama wanakijua kuliko wahudumu wengi. Inashangaza kwamba maarifa hayo huishia kwenye mtungi wa wakubwa.

Tahadhari ni mbili. Machipukizi ya mtama yana sumu, hivyo huondolewa kabla ya kusaga. Nafaka yenye ukungu isitumike kabisa, si kwa kimea wala kwa ugali. Mwaka 2016 sumukuvu katika mahindi iliua watu katika mikoa ya Dodoma na Manyara, na Chemba iliguswa.

Yuko pia mtoto anayekataa hata uji mzito ulio mtamu. Huyo hajashiba. Maambukizi na utapiamlo mkali huizima njaa wakati mwili unapoihitaji zaidi. Akiwa na umri wa miezi 6 hadi 59, mzunguko wa mkono wake wa juu ukiwa chini ya sentimita 11.5, naye akakikataa chakula dawa mbele ya mhudumu, hapewi ushauri na kurudishwa nyumbani. Hulazwa siku hiyo hiyo.